Sinner aliipoteza mwenyewe fainali ya Roland Garros, au Alcaraz alimpokonya?

#1 Kijana_wa_Isevya (9 Juni 2025)

Mwangaluka wakuu. Jana tulikaa bandani hapa Tabora kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tatu na nusu usiku, fainali ya tenisi ya wanaume mmoja mmoja ya Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa kule Paris, Jannik Sinner na Carlos Alcaraz. Mechi ilichukua saa tano na dakika 29. Watu walikuja kuwahi viti vya soka ya Ureno na Hispania ya saa nne, wakakuta tenisi haijaisha, wakaanza kununa. Baada ya nusu saa hao hao ndio waliokuwa wanapiga kelele kuliko sisi.

Kwa ambao hawakuona: Sinner alichukua seti mbili za mwanzo, 6-4 na 7-6. Alcaraz akachukua ya tatu 6-4. Seti ya nne Sinner anaongoza 5-3 na gemu imefika 0-40, sifuri ni ya Alcaraz. Pointi tatu za ubingwa ziko mezani, anahitaji moja tu, na hakupata hata moja. Seti ile ikaenda kwa Alcaraz 7-6, ya tano nayo 7-6, tai-breki ya mwisho (gemu ya kuamua seti ikifika 6-6) 10-2.

Dai langu: Sinner aliingiwa na woga. Mchezaji namba moja wa dunia hakosi pointi tatu mfululizo za namna ile kwa sababu nyingine. Nipingeni kwa hoja.

#2 Raketi_Mtumba

Hoja ya kwanza mkuu: pointi hizo tatu zote sevisi ilikuwa ya Alcaraz, yaani yeye ndiye aliyeanzisha mpira. Sinner alikuwa anapokea. Anayepokea hachagui mpira uje wapi wala kwa kasi gani, kwa hiyo pale aliyesimama imara ni Alcaraz. Ukitaka pa kumlaumu Sinner, angalia gemu iliyofuata. 5-4, sevisi mkononi mwake mwenyewe, gemu moja tu awe bingwa, akavunjwa, yaani akapoteza gemu aliyoianzisha yeye. Hiyo ndiyo gemu ya kuijadili, 0-40 inapewa lawama isiyo yake.

#3 Kijana_wa_Isevya

Sawa, lakini woga unaanzia wapi? Aliingia kwenye 5-4 akiwa bado anaziwaza zile tatu.

#4 Mgebuka_Mkavu

Kutoka Kigoma, salaam. Mnatafuta mambo ya moyoni wakati jibu liko miguuni. Sinner alikuwa amefungiwa miezi mitatu, 9 Februari hadi 4 Mei. Amerudi mashindano ya Rome, akafika fainali, akafungwa na Alcaraz huyo huyo 7-6, 6-1. Halafu Paris akaja mpaka fainali bila kupoteza seti hata moja, Djokovic kwenye nusu fainali naye kampiga seti tatu kavu. Watu wanaona hiyo ni sifa, mimi naona ndiyo iliyomponza. Mwili wake haukuwa umeonja mechi ndefu tangu arudi. Alcaraz njiani alishaangusha seti kadhaa, alishatoka jasho.

#5 Embe_Dodo

Kwani alifungiwa kwa kutumia dawa za kuongeza nguvu?

#6 Mgebuka_Mkavu

Ilikutwa chembe ya clostebol kwenye vipimo vya Machi 2024. Jopo huru likasema hakuwa na kosa, iliingia mwilini kupitia mikono ya mtaalamu wake wa viungo aliyekuwa amejipaka dawa kwenye kidonda cha kidole. Shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, WADA, likakata rufaa, na Februari 2025 wakaafikiana miezi mitatu. Tusimbebeshe zaidi ya hapo.

#7 Mwalimu_Chaki

Vijana, kabla hamjaenda mbali, chukueni namba hii. Mechi nzima ilikuwa na pointi 385. Sinner alishinda 193, Alcaraz 192. Aliyeshinda pointi nyingi ndiye aliyepoteza kombe.

Hii si ajabu katika tenisi. Wimbledon ya Uingereza 2019 Federer alishinda pointi 218 na Djokovic 204, na kombe likaenda kwa Djokovic. Tena Federer alikuwa na pointi mbili za ubingwa kwenye seti ya tano, 8-7, 40-15, sevisi yake. Hesabu ya tenisi inafungwa kwenye kila gemu na kila seti. Simba akishinda 6-0 anapata pointi tatu zile zile za 1-0. Kwa hiyo msiniambie Sinner alicheza vibaya. Alizidiwa kwenye pointi chache zenye uzito, basi. Bahati nayo ina nafasi yake, na wachambuzi hawapendi kulisema hilo.

#8 Mama_Wawili

Mwalimu shikamoo. Bahati haiwezi kukufanya upoteze tai-breki 10-2. Hiyo ni ishara ya mtu aliyeishiwa. Mimi ni nesi, nimeangalia miguu yake seti ya tano. Mtu akipoteza maji na chumvi kwa saa nne, mguu unachelewa nusu hatua, na kwenye uwanja wa udongo kama wa Paris nusu hatua ndiyo mpira. Wala si lazima akakamae misuli ndiyo useme amechoka.

#9 Mwalimu_Chaki

Marahaba mwanangu. Lakini huyo unayesema ameishiwa ndiye aliyemvunja Alcaraz wakati Alcaraz anaanzisha kumaliza mechi, 5-4 seti ya tano. Na akiwa mbele 6-5 alikuwa pointi mbili tu kufika kwenye ubingwa kwa mara nyingine. Mchovu hafanyi hivyo.

#10 Mama_Wawili

Mchovu anafanya, mara moja. Halafu ndiyo anamaliza kabisa. Ndivyo ilivyokuwa.

#11 Ujiji_1871

Naomba kuuliza, hivi huyu Roland Garros alikuwa bingwa wa miaka gani? Nimetafuta kwenye orodha ya washindi simuoni.

#12 Raketi_Mtumba

Humwoni kwa sababu hakuwa mchezaji wa mashindano. Alikuwa rubani Mfaransa, wa kwanza kuvuka bahari ya Mediterania kwa ndege bila kutua, 1913. Alikufa vitani Oktoba 1918. Uwanja ulijengwa 1928 Ufaransa ilipohitaji mahali pa kutetea kombe la Davis, la timu za mataifa, walilolichukua Marekani mwaka uliotangulia, ukapewa jina lake.

#13 Ujiji_1871

Asante. Ninyi wa Tabora mna majibu, tatizo hamna ziwa.

#14 Embe_Dodo

Tuna asali. Na maembe. Rudini kwenye mada watani.

Mimi nataka kuzungumzia udongo wenyewe, kwa sababu wengi wanauona mwekundu kwenye runinga wanadhani ni ardhi ya Ufaransa ilivyo. Ule ni unga wa matofali yaliyosagwa. Unatandazwa tabaka jembamba sana, milimita chache tu, chini yake kuna tabaka za mawe ya chokaa na kokoto. Ndiyo maana mchezaji anateleza na mpira unapoteza kasi ukigonga chini, unaruka juu. Kwenye nyasi mpira unapita chini na haraka. Kwenye udongo sevisi haikusaidii sana, lazima uutafute kila mpira, mechi inarefuka.

Sasa nisikilizeni. Tabora tunaweza kuwa na uwanja kama huo bila kununua chochote Ulaya. Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu aliyependa tenisi, akatuambia tuchimbe vichuguu. Tulibomoa vichuguu viwili vikubwa nyuma ya bweni, tukaponda, tukachekecha, tukamwaga, tukanyunyiza maji jioni na kushindilia kwa pipa lililojazwa zege. Asubuhi ukipita juu yake, sakafu. Mistari tulipiga kwa chokaa. Neti ilikuwa ya kuvulia, imetoka huko kwenu Kigoma. Mpira ulikuwa unadunda vizuri kuliko kwenye sementi ya mjini. Masika ndiyo ilikuwa taabu, inabidi urudie kushindilia. Nasikia siku hizi pale wamejenga kitu kingine.

#15 Reli_ya_Kati

Embe_Dodo wewe huwa unatia chumvi, lakini kwa hili nakuunga mkono kwa ushahidi. Australia wana viwanja vya udongo wa vichuguu toka zamani, hasa Queensland. Rod Laver, aliyechukua mataji yote manne makubwa (Australia, Paris, Wimbledon na Marekani) ndani ya mwaka mmoja, mara mbili, 1962 na 1969, alikulia Rockhampton akicheza kwenye uwanja wa nyumbani wa udongo wa kichuguu. Mwanamume mwingine aliyeyachukua yote manne kwa mwaka mmoja ni Don Budge tu, 1938.

#16 Embe_Dodo

Nimefurahi kuliko maelezo. Miaka yote hii wenzangu wananiambia ule ulikuwa uwanja wa kimasikini.

#17 Bandani_Gongoni

Mimi ndiye mwenye banda alilokaa Kijana_wa_Isevya. Nawashukuru wote waliokuja. Kuna jambo hamjaligusa, nalo ni watu wa uwanjani. Nilikuwa nasikiliza sauti kwenye spika kubwa. Kuanzia seti ya tatu uwanja mzima ulikuwa upande wa Alcaraz, "Carlos, Carlos" bila kupumzika. Kila akipata pointi anaweka kidole sikioni, wanazidi. Sinner alikuwa amebaki na watu wa kwenye boksi lake, viti vya timu yake. Kucheza pointi ya ubingwa huku watu elfu kumi na tano wanataka uikose si mchezo.

#18 Kijana_wa_Isevya

Na hao wanaleta nini kwa mchezaji kama si woga? Mnanisaidia mmoja mmoja.

#19 Raketi_Mtumba

Hapana. Watu wa Paris walikuwa wanataka mechi isiishe, wamelipa nauli na tiketi. Angekuwa Sinner ndiye yuko nyuma wangemshangilia yeye. Umati haukushika raketi.

Mimi nina maelezo yangu: hali ya hewa na mpira. Mechi imeanza saa tisa alasiri ya kwao, jua lipo. Imeisha jioni, kumepoa. Udongo ukipoa mpira unanyonya unyevu, unanenepa, unakuwa mzito. Sinner anapiga bapa, mpira ulionyooka usiozungushwa sana, anategemea mpira uruke haraka. Alcaraz anazungusha sana, tena ana drop shoti, ule mpira mfupi wa kudondosha karibu na neti. Mpira mzito ulimnyima Sinner silaha.

#20 Reli_ya_Kati

Hapo kwenye mpira kunenepa punguza. Mipira inabadilishwa baada ya gemu 7 za kwanza na baadaye kila gemu 9. Mechi ilikuwa na gemu 59, kwa hiyo walikuwa wanaletewa mipira mipya mara kwa mara mpaka mwisho. Baridi ya jioni nakubali, mpira mpya nao hupungua kasi kukipoa.

#21 Mgebuka_Mkavu

Kuhusu hewa naomba niingilie, hili nalijua kwa mkono wangu. Nimecheza Dar es Salaam, nimecheza Kigoma, na nikipanda treni kuja kuwatembelea hao wa asali nacheza Tabora. Mpira ule ule, raketi ile ile. Dar mpira unakaa uwanjani. Tabora fohandi yangu, pigo la mkono wa mbele, inavuka mstari wa nyuma mpaka naona aibu.

Sababu ni mwinuko. Hewa ni nyepesi, haiuzuii mpira. Mashindano ya Madrid yanachezwa kwenye mita kama 650 juu ya usawa wa bahari, na wachezaji wa dunia wanalalamika kwamba mpira unaruka. Kigoma tuko juu ya hapo, mita mia saba na zaidi. Tabora ni karibu mita 1,200. Shirikisho la kimataifa la tenisi lina hata aina ya mipira ya kuchezea kwenye miinuko, kuanzia mita 1,219, yaani Tabora mko pale pale mpakani. Paris iko chini kabisa, makumi ya mita tu, kwa hiyo hewa ya Paris inampa nafasi anayekimbia na kurudisha mpira. Mechi ile ile ingechezwa Madrid ingekwisha seti tatu, na Sinner angekuwa bingwa.

#22 Mwalimu_Chaki

Au angepigwa seti tatu. Alcaraz amechukua Madrid 2022 na 2023.

#23 Mgebuka_Mkavu

Mwalimu hapo umeniweka pabaya. Natafakari.

#24 Dada_Mwanga

Nimesoma wote. Mimi sielewi kwa nini hamjaitaja New York 2022. Robo fainali ya US Open, hao hao wawili, saa tano na dakika 15, imeisha karibu saa tisa usiku ya kule. Sinner alikuwa na pointi ya kumaliza mechi kwenye seti ya nne. Hakuimaliza, Alcaraz akashinda ya tano na baadaye akachukua kombe. Kwa hiyo Paris ni mara ya pili, mtu yule yule, seti ile ile ya nne. Ongezeni na hili: mpaka siku ile ya Paris, Sinner hakuwa ameshinda mechi yoyote iliyovuka saa nne. Mnaweza kuita woga, mnaweza kuita pumzi. Mimi naita historia ya wawili hawa. Kabla ya Paris Alcaraz alikuwa amemfunga mara nne mfululizo.

#25 Kijana_wa_Isevya

Dada umekuja na nyundo.

#26 Raketi_Mtumba

Hoja nzuri lakini igeuze upande wa pili. Alcaraz kabla ya jana hakuwa amewahi kutoka nyuma seti mbili akashinda. Alijaribu mara nane, zote kafungwa. Kama historia ndiyo inayoamua, Alcaraz ndiye alitakiwa kukata tamaa baada ya seti ya pili. Historia ilikuwa inamkataa naye.

#27 Mama_Wawili

Kuna mfano mwingine wa uwanja huo huo. Fainali ya 2004, Waargentina wawili, Gaudio na Coria. Coria alishinda 6-0, 6-3, yaani kila mtu alianza kuvaa koti. Kisha akakamaa misuli, Gaudio akarudi 6-4, 6-1. Seti ya tano Coria alipata pointi mbili za ubingwa na hakuzichukua, Gaudio akashinda 8-6. Katika zama hizi za kulipwa, tangu 1968, walioponea pointi ya ubingwa kwenye fainali kubwa ya wanaume na kushinda ni Gaudio, Djokovic ile ya 2019, na sasa Alcaraz. Coria alikuwa na nafasi zote kama Sinner, mwili ukamkatalia. Narudi pale pale kwenye mwili.

#28 Embe_Dodo

Na baada ya hapo Coria sevisi ilimharibikia, hakufika tena fainali kubwa. Ndicho ninachomhofia huyu kijana wa Italia. Ana miaka 23 tu.

#29 Ujiji_1871

Swali. Ingekuwa sheria ya zamani, seti ya tano bila tai-breki, mpaka mmoja amzidi mwenzake gemu mbili, nani angeshinda?

#30 Reli_ya_Kati

Sheria hiyo ilikufa 2022, sasa mashindano manne makubwa yote yanatumia tai-breki ya pointi 10 ikifika 6-6. Na waliibadilisha kwa sababu. Wimbledon 2010 Isner na Mahut walifika 70-68 seti ya tano, saa 11 na dakika 5, siku tatu. Isner aliyeshinda akatoka mechi iliyofuata seti tatu, hana miguu. Ukiniuliza, ingekuwa sheria ya zamani, Alcaraz angeshinda vilevile ila saa nne usiku ingemkuta bado uwanjani.

#31 Bandani_Gongoni

Ningekuwa kwenye matatizo makubwa. Wa Ureno walishalipa.

#32 Dada_Mwanga (14 Julai 2025)

Naufufua uzi. Wimbledon jana, fainali, Sinner na Alcaraz tena, wiki tano tu baada ya Paris. Sinner 4-6, 6-4, 6-4, 6-4. Embe_Dodo futa hofu yako. Na wewe Kijana_wa_Isevya tuambie, mwoga gani anapoteza seti ya kwanza kwa mtu yule yule, mbele ya Uingereza nzima, kisha anachukua tatu mfululizo? Alipofika 5-4 seti ya nne, sevisi yake, hali ile ile ya Paris, aliimaliza.

#33 Kijana_wa_Isevya

Nimeona dada. Lakini mtu akishinda woga Julai haimaanishi Juni hakuwa nao.

#34 Mama_Wawili

Mechi ya jana ilichukua saa tatu na kidogo. Haijafika nne. Mnaona?

#35 Embe_Dodo

Nyasi hizo. Kwenye nyasi pointi ni fupi, sevisi ina thamani, miguu inapumzika. Yote mliyoyasema yanarudi kwenye uwanja unaokanyaga. Ndiyo maana Nadal alichukua Paris mara 14 na Wimbledon mara mbili. Mtu yule yule, moyo ule ule.

#36 Mwalimu_Chaki

Nami nashikilia pointi moja, 193 kwa 192.

#37 Raketi_Mtumba (8 Septemba 2025)

New York jana: Alcaraz 6-2, 3-6, 6-1, 6-4. Fainali ya tatu mfululizo ya mashindano makubwa kati yao. Namba moja imerudi kwa Alcaraz. Sinner mwenyewe baada ya mechi alikiri kwamba mchezo wake unatabirika na lazima abadilishe. Si woga, si chumvi, si hewa. Alcaraz ana mipira ya aina nyingi, mwenzake ana miwili mikali sana. Paris ilipofika kwenye kubahatisha, mwenye mingi akapata.

#38 Mgebuka_Mkavu

Baada ya kutafakari tangu Juni bado nasema miguu. Na nina pendekezo. Tubishane kwa vitendo. Desemba nakuja Tabora kwa ndugu zangu. Embe_Dodo tafuta kichuguu na pipa, Mama_Wawili aje na maji yenye chumvi na sukari, Mwalimu awe mwamuzi na ahesabu kila pointi. Mimi na Raketi_Mtumba, seti tano.

#39 Raketi_Mtumba

Nimekubali. Desemba mvua, Embe_Dodo anza kushindilia mapema. Mipira uje nayo ya Kigoma, ya kwangu imeisha manyoya.

#40 Bandani_Gongoni

Viti nitaleta. Hata ikifika saa tano na dakika 29, siku hiyo hakuna wa Ureno wa kutuondoa.